Je, Nyani ni Mwizi?

Mwezi huu twataka kufikiri pamoja nanyi juu ya swali tuliloulizwa na kijana mmoja wa hapa Mabibo. Swali hilo lilituchekesha kwanza. Baadaye tukaona ya kuwa si la kuchekwa.

Kijana huyo ni mwanafunzi, naye hukaa katika hosteli zilizo karibu nasi. Jioni, akiisha masomo yake, hucheza katika kompyuta mchezo uitwao Dwarf Fortress. Mchezo huo ulitungwa na ndugu wawili wa Marekani, Tarn na Zach Adams, ukatolewa mara ya kwanza mwaka 2006. Mchezaji hupewa kundi la watu wafupi, naye huwaongoza kuchimba mlima, kujenga ngome, kulima, kupika na kuweka akiba. Akiba ikiisha kuongezeka, wezi huja. Wengine ni kima. Wengine ni viumbe wadogo waitwao kobold, wenye mikono na miguu kama watu, lakini si watu. Hunyemelea, hushika kitu, hukimbia nacho. Kijana alitueleza ya kuwa huweka mbwa na mitego mlangoni pa ngome yake, na kila mwizi akinaswa yeye hufurahi. Kisha akanyamaza kidogo, akasema:

"Wazee wangu, usiku mmoja nilijiuliza, mbona siwaonei huruma hata chembe? Wana mikono kama yangu. Je, ni kwa sababu wao ni wezi, au kwa sababu si watu? Na nyani je, naye ni mwizi?"

Siku ile hatukumjibu, maana hatukuwa na jibu. Leo twajaribu, nanyi mtapima kama tumesema sawasawa.

Jina la mtaa wetu ni jina la tunda. Bibo ni tunda lile lenye maji mengi, ambalo korosho huning'inia chini yake, na alipendaye si mtu peke yake. Leo Mabibo ni nyumba kwa nyumba, na malori, na vibanda vya biashara, wala nyani hatembei barabarani mwetu. Lakini hatuna haja ya kwenda mbali tumwone yeye au nduguye. Huko juu, kwenye kilima cha Chuo Kikuu, tumbili wangaliko. Hushuka mitini wakatafuta chakula cha wanafunzi. Na mtu akifuata barabara ya Morogoro hata afike Mikumi, atawaona nyani wamekaa kando ya lami wakingoja makombo ya wasafiri.

Tena, wengi wetu tunaokaa hapa tulitoka mashambani, nasi twamjua nyani tangu utoto wetu. Tulikaa juu ya dungu tangu alfajiri, tukiamia mahindi, tukipiga debe na kurusha mawe. Twajua jinsi kundi linavyokuja: mkubwa mmoja hukaa juu ya jiwe au kichuguu akitazama, wengine huingia kimya. Wakimwona mwanamke peke yake, hawaharakishi. Wakimwona mwanamume mwenye mbwa, huondoka. Wakiisha kuingia hawali kama mwenye shukrani. Huvunja hindi hili, huuma mara mbili, hulitupa, huvunja lingine. Kazi ya miezi minne humalizika kabla ya jua kuwa kali. Kwa hiyo wazee walisema: ukicheka na nyani, utavuna mabua. Asiyepata kuona shamba lake likiwa mabua matupu asiwacheke wenye kusema hivyo. Kwao nyani ni njaa ya Februari, ni ada ya shule isiyolipwa, ni mtoto aliyeachishwa masomo wiki nzima ili akae dunguni.

Basi mkulima akisema, "Nyani ameniibia," je, asema kweli?

Kwanza hatuna budi kuuliza wizi ni nini. Kuchukua si kuiba. Upepo huchukua nguo kambani, mto huchukua daraja, wala hakuna autiaye mto pingu. Sheria ya Kanuni ya Adhabu ya nchi yetu yasema ya kuwa mwizi ni yule achukuaye kwa hila, pasipo kuwa na haki ya kukidai kile akichukuacho. Yaani haitazami mkono tu, bali yatazama na moyo uliouongoza mkono. Tena sheria hiyo hiyo yasema kwamba mtoto aliye chini ya umri wa miaka 10 hana hatia ya jinai. Akichukua embe la jirani, embe limechukuliwa kweli, na jirani amepata hasara kweli. Lakini mwizi hayupo. Sisi twaona ya kuwa mambo matatu lazima yawepo ndipo mtu aitwe mwizi: ajue ya kuwa kitu ni cha mwingine, akusudie kumnyang'anya mwenyewe, na awe na uwezo wa kuuambia mkono wake, "Acha," nao ukaacha.

Sasa na tumpime nyani na ndugu zake kwa mizani hiyo, wala tusiwapunje, maana ni wenye akili kuliko tulivyodhani zamani.

Mwezi wa Julai mwaka 1960 binti mmoja Mwingereza, Jane Goodall, alifika Gombe, kando ya Ziwa Tanganyika, akaanza kuwatazama sokwe. Baadaye aliwawekea ndizi karibu na hema lake. Aliandika habari za sokwe mmoja kijana aliyemwita Figan. Siku moja ndizi moja ilikuwa imesahauliwa juu ya mti, na chini yake ameketi dume kubwa jina lake Goliath. Figan aliiona. Alimtazama Goliath, kisha akaenda kukaa upande mwingine wa hema, mahali ambapo hakuweza tena kuiona ile ndizi. Goliath alipoondoka, baada ya robo saa hivi, Figan alirudi pasipo kukawia akaitwaa. Kwa nini alikwenda kukaa pale? Bibi Goodall alifikiri ya kuwa alichelea macho yake mwenyewe yasimtoboe siri. Tazameni: hapo kuna kujizuia, kuna subira, kuna hila.

Tena huko Amboseli, nchi ya Kenya, wataalamu Robert Seyfarth, Dorothy Cheney na Peter Marler walionyesha mwaka 1980 ya kuwa tumbili wana mlio mmoja wa kutangaza chui, mwingine wa kutangaza tai, na mwingine wa kutangaza nyoka. Wenzao wakisikia mlio wa chui hupanda mtini. Wakisikia wa tai hutazama juu. Wakisikia wa nyoka husimama na kuchungulia majani.

Na katika kisiwa cha Bali, nchi ya Indonesia, kuna hekalu la Uluwatu, ambako kima huwanyang'anya wageni miwani, kofia na simu. Hawavili vitu hivyo. Huvishika mpaka mtumishi wa hekalu alete chakula, ndipo huviachilia. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha ya kuwa kima wakubwa wamejifunza ni vitu gani ambavyo watu huvithamini zaidi, nao huchagua hivyo. Mtu akisikia habari hii atasema, "Huyu si mwizi tu, ni mfanya biashara!"

Basi twakiri ya kuwa wanyama hawa wana hila, wana hesabu, na waweza kungoja. Lakini Figan alimwogopa Goliath, hakuiheshimu haki ya Goliath. Kima wa Uluwatu ajua ya kuwa mwenye miwani ataitaka miwani yake. Hajui kwamba ni haki yake kuirudishiwa. Huirudisha kwa bei, wala bei ikipungua hairudishi. Nyani ajua ya kuwa shamba lina mlinzi. Hajui ya kuwa lina mwenyewe. Khofu anayo, ila aibu hana. Hatujapata kusikia nyani aliyerudi jioni na hindi moja mkononi, akaliweka mlangoni pa mama mjane, kwa kuwa moyo wake ulimsumbua.

Kwa hiyo jibu letu la kwanza ni hili: nyani huchukua, tena hudhuru, lakini si mwizi. Mkulima ana ruhusa ya kumfukuza, kuweka mbwa, kujenga ua, kukaa dunguni. Huko ni kulinda. Lakini kulinda si kuhukumu. Atakayemkamata nyani na kumtesa ili alipe ubaya wake amefanya neno la upuuzi, maana hakuna ndani ya nyani mahali pa kuupokea hukumu ile. Mateso yale hayamfundishi nyani haki. Humfundisha mtesaji ukatili.

Hata katika kulinda, yafaa kuchunguza kwanza. Watu wa Unguja wana kima mwekundu ambaye asili yake ni kwao peke yake, na zamani walimwita kima punju, yaani mwenye sumu, wakisema ya kuwa mti anaoula hufa. Wakulima wa karibu na msitu wa Jozani walimshitaki kwamba awamaliza nazi zao changa. Mwaka 1999 wataalamu wawili, Kirstin Siex na Thomas Struhsaker, walitoa matokeo ya uchunguzi wao. Walihesabu vidaka alivyokula kima, wakahesabu na nazi zilizovunwa. Wakaona ya kuwa kima wanapokula zaidi, mavuno hayakupungua; yalielekea kuongezeka, pengine kwa sababu kupunguza matunda machanga huyapa yaliyobaki nafasi ya kukua. Tena kima hao hula makaa, hata hufuata matanuri ya wachoma makaa, na mtu huona ni ukorofi mtupu. Kumbe makaa hayo yafikiriwa kuwasaidia tumboni dhidi ya sumu iliyomo katika majani ya miembe na mikungu wanayoyala. Mshitakiwa alihukumiwa miaka mingi, na hapana aliyekuwa amehesabu nazi.

Ikiwa hata shauri la kima lataka kuhesabiwa nazi, je, shauri la mtoto wa mtu?

Sasa twaja kwenye viumbe wa mchezo ule. Kobold ni nani? Ni kiumbe aliyefanywa na mtunzi ili aibe. Hana siku nyingine yo yote. Hakuzaliwa na mama, hakukosa chakula, hakufundishwa na marafiki wabaya, wala hawezi kutubu, maana mtunzi hakumwekea toba. Wizi si tendo lake. Wizi ndio umbile lake. Kijana asipomwonea huruma si mkatili, kwa kuwa hakuna aliyeumizwa. Ameziba tundu la panya katika nyumba ya ndoto.

Lakini swali lake lilikuwa na mwiba ndani yake, nao ndio uliotufanya tuandike leo. Alisema, "Wana mikono kama yangu." Je, sisi wa Mabibo, na wa Kinondoni, na wa Temeke, hatujajifunza kumtazama mtu wa kweli kana kwamba ni kobold, kiumbe aliyefanywa ili aibe, asiye na siku nyingine?

Sikilizeni maneno yetu wenyewe. Aibaye vitu vidogo twamwita kibaka. Katika jina hilo amevuliwa ile m- ya mtu, akavikwa ki- ya kiti na kikapu. Na vijana wale waliotia mji wetu khofu mwezi wa Januari mwaka 2015, na tena mwaka 2022, waliitwaje? Waliitwa Panya Road. Hatusemi ya kuwa ubaya wao ulikuwa mdogo. Waliwakata watu kwa mapanga. Lakini angalieni jina. Nyani hufukuzwa, na panya je? Panya huwekewa sumu. Hakuna amfunguliaye panya shauri. Jina likiisha kukaa midomoni, mkono hufuata.

Nasi tuliona kwa macho yetu jinsi mkono unavyofuata. Katika mtaa mmoja wa upande wetu, asubuhi, ilipigwa kelele ya "Mwizi! Mwizi!" Mtu hahitaji kuuliza nani, miguu hukimbia yenyewe. Tulipofika, kijana wa miaka kumi na sita hivi alikuwa chini, damu yamtoka kichwani, na watu wamemzunguka wenye fimbo na mawe. Mmoja alikwisha kupeleka tairi. Wala tusiseme kwamba alisingiziwa. Aliiba. Simu ilikuwa mfukoni mwake, na mwenye simu alikuwapo. Sisi tulisimama. Twaungama mbele yenu ya kuwa tulisimama tukatazama, wala hatukusema neno. Tulijiambia kwamba ni wengi, nao wana hasira, na kwamba watageuka watupige sisi. Hayo yalikuwa kweli. Lakini twajua ya kuwa ndani ya kimya chetu palikuwa na neno jingine pia, nalo ndilo: "Basi, hata hivyo ni kibaka."

Aliyesema alikuwa mama mmoja muuza vitumbua. Hakuwahubiri watu. Alipita katikati yao, aproni yake ina mafuta, akainama, akamwuliza yule kijana, "We mtoto, jina lako nani? Mama yako yuko wapi?" Kijana akalitaja jina lake, akamtaja mama yake na mtaa wao. Mwanamume mmoja katika kundi akasema, "Ala! Yule mama namjua." Mawe yalianza kushuka mikononi, moja moja. Mwenyekiti wa mtaa akaitwa, na baadaye polisi wakaja wakamchukua.

Tumefikiri mara nyingi, mama yule alifanya nini? Hakusema ya kuwa kijana hana hatia. Hakusema simu irudi mfukoni. Aliuliza jina tu. Nyani hana jina la kumwambia mkulima. Kobold hana mama. Kwa swali moja mama alimrudisha kijana katika ngeli ya watu, na alipokuwa mtu, watu hawakuweza tena kumtia moto.

Wengine hawaokolewi hivyo. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kimeandika katika taarifa zake habari za watu waliouawa na makundi yenye hasira, na katika miaka mingine hesabu yao imekuwa mamia.

Twajua mtakalotujibu. Mtasema, "Ninyi mwaandika kwa sababu hamkuibiwa. Mama mwenye mtaji wa shilingi elfu hamsini, akiporwa, watoto wake hulala njaa. Tukimpeleka mwizi polisi leo, kesho twamwona barabarani anatucheka. Je, si ninyi mliosema ukicheka na nyani utavuna mabua?" Ndugu zetu, neno hili lina uzito, wala hatulisukumi kando. Uchungu wa aliyeibiwa ni uchungu wa kweli, na hukumu inayokawia huwachosha watu wema. Lakini yatazameni mambo matatu.

La kwanza, methali husema usicheke na nyani, haisemi mchome. Kutocheka maana yake ni kukaa dunguni: kuweka taa mitaani, kufanya ulinzi wa zamu, kumjua mtoto wa jirani asiyekwenda shule kabla hajajifunza kukata mifuko. Kundi lenye hasira halikai dunguni. Hulala usiku wote, likaamka shamba likiisha kuliwa.

La pili, kesi ya nyani usimpelekee ngedere. Tuna hapa Mabibo soko la ndizi ambalo watu huliita Mahakama ya Ndizi. Mikungu hushuka pale kutoka Rungwe na Kilimanjaro, na jina hilo hutuchekesha tukiikumbuka methali hii. Lakini mahakama iliyoketi pale njiani asubuhi ile ilikuwa na mahakimu gani? Je, hakuwamo anunuaye kwa lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo hata likavishwa kofia, ilhali sheria ya vipimo yakataza na mkulima alia? Je, hakuwamo auzaye kwa mizani iliyolegezwa? Hakuwamo aliyechukua fedha ya chama akaita mkopo? Nyani haoni kundule. Aliyeiba simu moja alikuwa chini. Walioiba kwa kalamu na kwa mizani walisimama na mawe. Nasi, tuliokuwa hatuna jiwe, tulikuwa na kimya chetu.

La tatu, Katiba yetu ya mwaka 1977, katika ibara ya 13, yakataza mtu aliyeshitakiwa kutendewa kama mwenye kosa kabla halijathibitika, na katika ibara ya 14 yampa kila mtu haki ya kuishi. Hayo hayakuandikwa kwa kuwapenda wezi. Yaliandikwa kwa sababu kelele ya "Mwizi!" haina macho. Yeyote aweza kuipiga, juu ya mtu ye yote: juu ya mdeni wake, juu ya mgeni asiyejua njia, juu ya mwanao aliyekimbia kuwahi daladala. Kundi halihesabu nazi.

Sasa twaweza kumjibu kijana wetu. Mwanetu, nyani si mwizi, kwa kuwa hawezi kuwa mwizi. Na kobold hawezi kuwa kitu kingine ila mwizi, kwa hiyo yeye naye si mwizi kwa kweli, bali ni sanamu ya wizi tu. Mtu peke yake ndiye mwizi. Neno hili la kumlaumu ndilo pia la kumheshimu, maana twamlaumu kwa sababu angaliweza kuacha. Naye aliyeweza kuacha jana aweza kuacha kesho. Ukimwambia, "Wewe ni mnyama," umemfutia kosa lake na tumaini lake kwa neno moja. Ukimwambia, "Wewe ni mtu, nawe umeiba," umemwachia mambo mawili ambayo nyani hana: aibu, na njia ya kurudisha.

Wasomaji wetu wamkumbuka mtu yule mfupi wa Yeriko, mkubwa wa watoza ushuru, aliyekuwa amewadhulumu watu miaka mingi. Alipanda juu ya mti, akajificha majanini kama tumbili, na watu wa mji wamesimama chini wakimchukia, tena kwa haki. Hakurushiwa jiwe. Aliitwa kwa jina lake. Akashuka, na siku ile ile akaanza kuhesabu ni nani alimdhulumu nini, apate kurudisha mara nne. Hakuna aliyemwambia kwamba dhambi yake ilikuwa ndogo. Lakini aliyepanda kama mnyama alishuka mtu, na maskini wa Yeriko wakapata vitu vyao, jambo ambalo tairi lisingewapatia.

Kijana yule wa asubuhi ile tulisikia habari zake baadaye. Alishitakiwa, akahukumiwa, akaitumikia adhabu yake, akatoka. Hatuwezi kusema ya kuwa amekuwa mwema; hatumjui moyo. Twajua tu ya kuwa yu hai, na kwa kuwa yu hai, shauri lake halijafungwa bado, wala letu halijafungwa.

Basi, wapenzi, mtakaposikia tena kelele ile, nanyi mtaisikia, kumbukeni mama wa vitumbua. Mtu hahitaji nguvu wala elimu kufanya alivyofanya. Yatosha kusogea karibu, kabla mkono haujainuka, na kuuliza, "Jina lako nani?" Nasi tuliosimama kimya twaomba kwamba siku hiyo tusisimame tena.